Santuri Niliyoianika na Furu

Nyie wajukuu, hebu niambieni: nani kati yenu ameshawahi kuanika wimbo juani, pamoja na furu, samaki wadogo wa ziwani?

Hakuna. Mnacheka. Chekeni tu, mimi nimechoka, hata nguvu ya kuwakataza sina. Magoti yanauma, masikio yamebaki moja na nusu, na hili la kulia linasikia ziwa tu, shshsh, siku nzima, na ziwa lenyewe liko huko mbali. Lakini mimi niliuanika. Kwa mikono hii. Na kazi niliyoajiriwa ilikuwa kutunza nyimbo zisiharibike! Sasa Nyabweke, mtoto wa binti yangu, kaniwekea simu yake hapa juu ya kigoda, anasema, "Bibi, wewe ongea tu, inashika." Haya. Ishike.

Mimi ni mtu wa Murangi. Shule nilimaliza madarasa mawili, la tatu nililisikilizaga dirishani. Bendera ilipobadilishwa nilikuwa msichana tayari, na mwaka uliofuata shangazi akanipeleka Musoma mjini, kwenye zahanati ya misheni, nifue mashuka ya wodi ya wazazi. Mkubwa wa pale alikuwa mtawa wa Kizungu, mkunga, tunamwita Sista Agata. Mrefu, mwembamba, anatembea kama korongo anatafuta chura. Kiswahili alijifunzia kwa wanawake wenye uchungu, kwa hiyo "sukuma" na "pumua" alizisema vizuri kutuzidi sisi, hayo mengine aliokoteza.

Huyo Sista alikuwaga na gramafoni, ile ya kuzungusha kwa mkono, na sanduku la santuri. Siyo za dansi, msidanganyike. Za zamani za kwao, za enzi ya babu wa babu zao. Nyingine ni kile kinanda kikubwa wanaita piano, peke yake, hakuna ngoma wala mtu wa kuitikia. Nyingine ni wale wanaoimba mchezo mzima, mwanzo mpaka mwisho, hakuna anayeongea kawaida. Hata mtu akitaka maji anaomba kwa kuimba. Opera, ndiyo jina lake.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana gramafoni inatolewa barazani, wamama wanaosubiri siku zao wanakaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, na Sista anawapigia. Alisema mtoto tumboni anasikia. Siku ya kwanza naisikia opera nilikuwa nimebeba beseni la mashuka, nikaliachia. Mwanamke anapiga ukelele unapanda, unapanda, hashuki! Seremala wa misheni, Mzee Mafuru, akaacha randa yake akaja kusimama karibu yangu, kichwa kaweka upande.

"Huyu mama kaibiwa ng'ombe wangapi?" akaniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Hawapungui arobaini. Wa ng'ombe kumi halii hivi."

Sista akatuelezea kwamba, hapana, yule mwanamke anakufa, ana ugonjwa wa kifua. Eh! Wamama wakatazamana. Mmoja wa Majita, mimba yake ya saba ile, akasema, "Sista, mimi mume wangu alikufa na kifua kikuu. Hata kuniomba uji alikuwa ananionyesha kwa kidole. Huyu anapumulia wapi?" Sista akacheka mpaka miwani ikaanguka. Lakini nawaambia, wimbo ulipofika mwisho, ulipokuwa mdogo kama uzi, yule mama wa Majita ndiye alikuwa anajifuta macho na ncha ya kanga.

Basi nikaanza kujisogeza. Nafua haraka haraka ili Jumapili niwe karibu na mashine. Sista akaona. Akasema, "Mikono yako mizuri, haina haraka ikishika kitu." Akanitoa kwenye mashuka, siyo yote, akanipa santuri. Mzee Mafuru ndiye alinifundisha mashine.

Sikilizeni sasa, hata kama hamtaitumia. Santuri unaishika ukingoni na katikati penye karatasi, kama mtu aliyepokea bakuli la uji wa moto. Vidole vyako vina mafuta, usiguse mifereji. Kuzungusha hendeli, Mzee Mafuru alisema, ni kama kuvuta ndoo kisimani: ukihisi kamba imekaza, acha, usibishane nayo. Springi ikikatika ndani hakuna mganga. Sindano ni ya wimbo mmoja. Ukirudia ileile inalima santuri kama jembe. Na kuosha: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo sana, kitambaa laini, unafuata mviringo, hukatishi mifereji. Spiriti ya zahanati kamwe. Mimi niliona dresa mmoja, mfunga vidonda wa pale, anajifanya mjuaji, kapaka spiriti, santuri ikatoka rangi kwenye pamba, nyeusi tii, na wimbo umetoka nao.

Kusoma nilikuwa sijui sawasawa, lakini santuri nilizisoma. Unaiinamisha kwenye mwanga. Pale wanapopiga polepole pamelala, panang'aa kama maji asubuhi. Pale wanapopiga kelele pamechafuka kama pametembea kuku. Sista akisema, "Nipe ile ya piano inayoanza taratibu halafu inakasirika," naiangalia kwenye mwanga naitoa. Wageni walishangaa. Mimi niliona kawaida tu, ni kama kutazama ziwa ukajua upepo uko wapi.

Kuosha nilifundishwa. Kuanika sikufundishwa. Sista alianikaga mwenyewe chumbani kwake, hakunionyesha, labda alidhani kila mtu anajua.

Sasa katika sanduku lile kulikuwa na santuri moja haikuwa ya duka. Karatasi yake nyeupe, imeandikwa kwa mkono. Ni ya mdogo wake Sista. Walikuwa wawili tu kwao, na huyo mdogo alikuwa anasomea hiyo kazi ya opera. Akaenda mahali wanaposhika sauti, akashikwa: upande mmoja anapiga piano, upande wa pili anaimba. Santuri moja tu ilitoka. Mwaka uleule akafa. Miaka ishirini na miwili.

Upande wa kuimba, kabla hajaimba, unasikia anacheka kidogo, halafu anasema neno moja kwa lugha yao. Halafu piano, halafu anaimba. Nilimuuliza Sista lile neno ni nini. Akasema, "Ni jina langu. La nyumbani, la utotoni. Wazazi wameshakufa, hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo." Hiyo santuri hakuwapigia wamama. Aliipiga peke yake, mara chache. Akisikia jina anaitikia polepole, midomo tu. Nilimwona.

Mnawajua wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka kama moshi? Siku moja waliingia zahanati. Waliingia kwenye chai, kwenye pua, kwenye nywele. Sista alikuwa ameacha ile santuri kwenye mashine, kaitwa wodini haraka. Nilipofika imejaa wadudu, wamekufa wamegandamana kwenye mifereji. Moyo ukaniuma. Nikasema, nitamfanyia kitu kizuri, arudi aikute inang'aa. Nikaiosha vizuri, kama nilivyofundishwa, mdudu mmoja mmoja.

Sasa ikauke. Kwetu Murangi kitu kilicholowa kinakauka wapi? Juu ya mwamba. Furu wanakauka pale, muhogo unakauka pale, nguo za mtoto zinakauka pale. Nyuma ya zahanati kulikuwa na mwamba mpana, na mpishi ameanika furu wake. Nikawasogeza kidogo, nikailaza santuri katikati, nikaweka na kijiti nifukuze kuku. Nilijiona mimi ndiye mwenye akili kuliko wote. Halafu nikaitwa kuteka maji ya wodi, mara mbili, mara tatu.

Narudi, jua liko utosini. Santuri imeinuka pembeni kama sikio la tembo.

Nilikaa chini. Nikaibonyeza, laini kama ugali. Nikaogopa nisije nikaivunja, nikaiacha. Nikasimama nikaangalia njia ya Murangi. Mzee Mafuru alikuwa anapita na mbao begani, akaona santuri, akaona macho yangu yanakoelekea.

"Unataka kukimbia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ukikimbia utaitwa mwizi. Ukibaki utaitwa mjinga. Chagua jina."

Nikachagua mjinga. Mpaka leo nalibeba.

Nikaenda mlangoni kwa Sista. "Sista, nimeiua." Akaruka kwenye kiti, "Nani? Mama wa kitanda cha tatu?" Akatoka mbio kwenda wodini, nami nyuma yake, "Hapana Sista, hapana," mpaka nikamshika nguo. Nikamwonyesha. Aliishika ukingoni na katikati, vilevile kama nilivyofundishwa. Akainusa.

"Uliianika."

"Ndiyo, Sista."

"Na samaki."

"Ndiyo, Sista."

Nikasubiri anipige, au alie. Hakufanya hata moja. Aliiweka mezani, akanawa mikono mpaka kwenye kiwiko, akaingia wodini maana mama wa kitanda cha tatu kweli alikuwa tayari. Nikamsikia huko ndani, "Sukuma. Pumua. Sukuma." Sauti ileile ya kila siku. Bora angenipiga. Nawaambia bora angenipiga.

Mzee Mafuru akaniambia, ubao ukipindwa na jua, unanyooshwa na jua. Akatoa vioo viwili vya kabati la dawa. Tukaweka santuri katikati, tukaiweka kwenye jua la asubuhi, lile ambalo bado lina adabu, tumekaa pale tunaiangalia wote wawili kama watu wanaolinda nyama isiungue. Ilipolegea, tukaipeleka kivulini, juu yake nikaweka jiwe la kusagia. Siku tatu sikulisogeza. Wamama wakauliza, "Mbona husagi?" Nikawaambia, nasaga wimbo.

Ikanyooka. Katikati yote ikanyooka. Lakini ukingo, upana wa vidole viwili, ukabaki na kilima. Sindano ikifika pale inaruka. Na santuri inaanzia ukingoni, mnaelewa? Mwanzo ndio uko nje. Kicheko kiko pale. Jina liko pale.

Toka siku hiyo Sista aliishusha sindano ndani zaidi, baada ya kilima. Wimbo unaanzia njiani, kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Na midomo yake haikuitikia tena, maana hakuna aliyemwita. Jumapili iliyofuata akanipa hendeli nizungushe kama kawaida. Mimi nilizungusha, sioni mbele.

Ngojeni ninywe maji.

Miaka ikaenda. Ikafika wakati wa vitu kuadimika, sabuni hakuna, chumvi unagawiwa, sindano za gramafoni ndiyo kabisa. Nikasema basi, tumefunga. Mzee Mafuru akarudi na tawi la mgunga. Akachonga mwiba, akaupachika. Weee! Sauti ikatoka ndogo, laini, haina ule mkwaruzo wa chuma. Piano ikasikika kama inapigwa nyumba ya jirani. Sista akasema huko kwao wapo watu wanafanya hivyo kwa makusudi. Ikawa kazi yangu: Jumamosi nachonga miiba, nachagua mikavu, mbichi inajikunja. Mwiba ukiisha ncha unanoa, unarudi. Chuma hakikuniruhusu hivyo.

Halafu Sista akaitwa kwao, mgongo wake umekwisha kwa kuinamia wazazi. Siku ya kuondoka akanipa mashine na sanduku lote. Ile ya mdogo wake nikamrudishia, nikasema, "Hii siyo yangu." Akasema, "Ichukue wewe. Wewe unajua inaumwa wapi." Halafu akaniambia polepole, kwa Kiswahili chake kile, "Ikipona, uniitikie."

Mimi nikasema ndiyo. Mtu unasemaje?

Baadaye nikaolewa Buswahili, na ndipo tukahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Mnasoma hayo shuleni. Sisi tuliyabeba kichwani. Mkokoteni wa ng'ombe ulibeba kitanda, mtama, kuku wawili na sanduku la santuri. Njia ile mbaya, kila jiwe nasikia *ta*, najua moja imekwenda. Tulipofika zimebaki kama nusu. Ile yenye kilima nilikuwa nimeifunga kitenge tumboni kama mimba, ndiyo maana ikafika.

Pale kijijini kukawa na kisomo cha watu wazima, jioni, jua halijazama, na watu hawaji. Wamechoka, toka asubuhi wako shamba la kijiji. Mwenyekiti akasikia nina mashine. Akaniambia niipige watu waje. Nikapiga, wakaja! Walikuja kuona nani amefiwa. Mwenyekiti mwenyewe akasimama kusikiliza, mikono nyuma.

"Dada, huyu anaimba nini? Isije ikawa kasumba ya kikoloni."

"Mwenyekiti, huyu mama anakufa."

Akafikiri. "Anakufa kwa nini?"

"Kifua."

"Basi mwache amalize."

Akavua kofia. Ndipo kila jioni ya kisomo nikawa naanza na wimbo mmoja, na mimi mwenyewe nikajifunza kuandika jina langu huku piano inalia na mwiba. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu, nisiseme uongo.

Siku moja springi ikakatika. Nilizungusha kwa hasira, nilikuwa nimegombana na mume wangu, kamba ikakaza nikabishana nayo. Mzee Mafuru alikuwa ameshakufa, lakini nilimsikia ananisonya. Tukaipeleka Bunda, kwa fundi wa mashine za pamba. Akafungua lile kopo la ndani linaloshika springi, springi ikaruka nje kama kifutu, ikamkata kidevu, ikaenda kulala chini ya mashine yake. Akasema, "Mama, mimi natengeneza vitu vinavyokaa kimya vikifunguliwa." Ndiyo ikawa mwisho wa mashine yangu. Santuri zilizobaki watoto walizirusha, moja nilifunikia mtungi, ilifaa sana. Nikipita Butiama mnadani nikiona mtu anauza mashine ya zamani nauliza. Hakuna. Zilikuwa zimeingia kaseti.

Kisha ikaja barua misheni, wakanisomea. Sista Agata amefariki.

Ndiyo hapo nilianza kuchoka, siyo magoti. Mtu alipoteza jina lake kwa sababu ya mkono wangu, na mimi nimekaa na hilo jina chini ya godoro, limelala ndani ya kilima, siwezi kulisikia wala kulitupa. Neno lenyewe nimeshalisahau. Lilianza na midomo kufunga, basi. Nafunga midomo hivi, mm, haliji.

Nyabweke amenijia likizo hii na simu yake. "Bibi, hizo nyimbo zote zimo humu." Akatafuta, ikatoka opera, safi, mpaka nikashtuka. Sijakaa vizuri kakata, kaweka nyingine. Kaweka nyingine tena. Nikamwambia, "Wewe, huyo mama umemwacha katikati ya kufa." Akacheka. Nikasema, "Na ninayemtaka mimi hayumo humo."

"Wote wamo, Bibi."

"Huyu hayumo. Alishikwa mara moja tu."

Nikamwambia ainue godoro. Nikamfungulia kitenge. Akanyoosha mkono na vidole vyote, nikamzaba kofi la mkononi, hata yeye alishangaa nimetoa wapi nguvu. "Ukingoni! Na katikati!" Akaishika vizuri. Akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, na sikuwa nimemfundisha hilo. Akasema, "Bibi, hapa pembeni pana kilima."

Nikamwambia yote niliyowaambia ninyi.

Hakucheka kwenye furu. Akapiga simu huku na huku, akaja kukaa chini kwangu. Anasema Mwanza kuna mzee ana mashine, inaweza kuzunguka polepole sana, sindano ikapanda kilima na kushuka bila kuruka, halafu sauti inahamia kwenye simu. Anasema huenda ikaweza, huenda isiweze. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtu mzima, hiyo "huenda" naijua.

Kesho asubuhi anaondoka nayo. Toka jana nimeifunga na kuifungua mara nne. Kitenge, kadibodi mbili, kitenge tena. Sikulala vizuri, nawaza dirisha la basi, nawaza mwamba, nasikia harufu ya furu. Nimemwambia, usiiweke juu kwenye mabegi. Usiilaze chini miguuni. Usimpe kondakta. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akanishika hii mikono miwili, ukingoni tu, kwenye vidole, kama anashika kitu kinachovunjika.

"Bibi," akasema, "nitakaa upande wa kivuli mpaka Mwanza, nimeipakata. Na mashine ikianza mimi nitatoka nje. Hilo jina sitalisikia kabla yako. Nitakuja nalo hapa, uitikie wewe."